Katuni ya vivuli kwa usiku wa Idi

Swali: "Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi upande wa Wete, Pemba. Usiku wa Idi pili tumepanga kuwaonyesha katuni watoto wa darasa la nne na la tano, kiasi ya 40, kwenye uwanja wa skuli, na mama na bibi zao watakuja. Katuni tulizonazo zote zinasema Kiingereza, tena kwa kasi. Watoto wanacheka mtu akianguka lakini hadithi hawaifuati, na bibi wanasinzia. Nataka moja ya nje ambayo hawajaiona wala kuisikia, isiyo na mambo ya aibu, ambayo mtoto wa miaka 10 na bibi wa miaka 70 wataifuata pamoja. Projekta nimeshaazima. Unipendekezee moja tu, na unieleze namna ya kuionyesha."

Jibu:

Mwalimu, moja tu ni Die Abenteuer des Prinzen Achmed, yaani Visa vya Mwanamfalme Ahmed, ya Ujerumani, mwaka 1926. Ina dakika 65. Ndani yake hakuna anayesema hata neno moja, kwa sababu ilitengenezwa wakati sinema bado haina sauti, na watu wake wote ni vivuli vyeusi vilivyokatwa kwa mkasi. Umri wake usikutie wasiwasi. Kwa hadhira uliyoieleza, sijui katuni nyengine itakayofaa zaidi ya hii.

Tatizo lako halikuwa Kiingereza peke yake. Katuni nyingi za siku hizi hubeba hadithi kwa mazungumzo, na anayeyakosa mazungumzo hubakiwa na watu wanaoanguka na kukimbizana. Hii imebebwa na miili: kichwa kikiinama, mkono ukinyooshwa, mtu akisita mlangoni. Maelezo yake ni machache, yameandikwa katika mabango yanayotokea baina ya picha, na msimulizi akiyasema kwa Kiswahili hakuna kinachopotea. Kimya kile ndicho nilichokupendelea. Kimekuachia wewe nafasi ya kusimulia, na kusimulia usiku mbele ya watoto na bibi zao ni kazi ambayo Pemba haihitaji kufundishwa.

Hadithi yenyewe bibi hawataiona ngeni. Imetokana na Alfu Lela Ulela. Farasi wa mpingo anayeruka anatoka katika kisa kimoja, mwanamfalme Ahmed na Pari Banu katika kisa chengine, vazi la manyoya la binti wa kijini linatoka kwa Hasan wa Basra, na Aladini unamjua. Visa vya Aladini na vya Ahmed havikuwamo katika miswada ya zamani ya Kiarabu. Mfaransa Antoine Galland aliviandika baada ya kuvisikia mwaka 1709 kwa Hanna Diyab, kijana wa Kisyria kutoka Aleppo. Yaani kabla ya kuwa kitabu vilikuwa mdomoni mwa msimulizi, na wewe utavirudisha hukohuko.

Kuna na jambo linaloihusu Pemba yenyewe, na nakusihi uwaambie watu kabla ya kuanza. Sehemu kubwa ya filamu inapita katika visiwa vya Wakwak, nchi ya majini. Katika filamu ni nchi ya kubuni, lakini jina hilo wanamaji na wanajiografia wa Kiarabu walilitumia kweli kwa nchi za mbali za bahari hii yetu. Al-Masudi, aliyefika mwambao huu mwaka 916, aliitaja Wakwak pamoja na Sofala, iliyoko Msumbiji ya leo. Nahodha Buzurg bin Shahriyar alisimulia kwamba mwaka 334 Hijria, sawa na 945, watu wa Wakwak walikuja na vyombo 1,000 wakauzingira mji wa Kanbalu, wakitafuta pembe za ndovu, magamba ya kasa, ngozi za chui na ambari. Wanahistoria wengi wanaona Kanbalu ilikuwa Pemba, na mara nyingi hutajwa Ras Mkumbuu. Mtoto wa Wete akishajua kwamba Wakwak waliwahi kusimuliwa kuja kwao, ataitazama milango ya Wakwak ya kwenye filamu kwa jicho jengine.

Kisa kwa ufupi ni hivi. Siku ya kuzaliwa kwa khalifa, mchawi analeta farasi anayeruka. Khalifa anamwahidi hazina yoyote aitakayo, naye anamchagua Dinarsade, binti wa khalifa. Ahmed, kaka wa binti, anakasirika. Mchawi anamshawishi ampande farasi, anapaa naye mpaka mawinguni, na hajui namna ya kumteremsha. Anapoijua, anatua Wakwak, anamwona Pari Banu, malkia wa huko, akioga ziwani na wajakazi wake, na anachukua vazi lake la manyoya. Anasafiri naye hadi China. Mchawi anawafuata, anamuuza Pari Banu kwa mfalme wa China na kumbana Ahmed chini ya jabali kwenye Mlima wa Moto. Huko anaishi bibi mmoja, adui wa mchawi, naye anamwokoa. Baadaye majini wanamrejesha Pari Banu kwao, na milango ya Wakwak haifunguki ila kwa mwenye taa ya Aladini. Kutoka hapo visa viwili vinaungana, na mwisho kuna vita.

Aliyeitengeneza ni Lotte Reiniger, mwanamke wa Berlin aliyezaliwa mwaka 1899. Alianza kazi hii mwaka 1923, akiwa na miaka 24 tu. Mlipaji alikuwa Louis Hagen, mwenye benki, aliyekuwa amenunua shehena ya filamu mbichi, yaani ambayo haijapigwa picha, ili fedha yake isiliwe na mfumuko wa bei uliokuwapo Ujerumani, na studio ilikuwa darini juu ya gereji yake huko Potsdam. Mume wa Reiniger, Carl Koch, alishika kamera. Walter Ruttmann na Berthold Bartosch walifanya moto, uchawi na bahari, na Wolfgang Zeller alitunga muziki. Wengi huamini katuni ndefu ilianza na Walt Disney. Ya kwanza ya Disney ilitoka mwaka 1937, miaka 11 baada ya hii. Quirino Cristiani wa Argentina ndiye aliyetangulia, mwaka 1917, lakini filamu yake hiyo imepotea. Ya Reiniger ndiyo kongwe kuliko zote tulizonazo.

Namna ya kazi yake uifahamu vizuri, kwa sababu utaitumia siku ya pili yake. Kila mtu ni vipande vya karatasi ngumu nyeusi na bati jembamba la madini ya risasi, vimeungwa kwa waya kwenye viungo. Sanamu inalazwa juu ya kioo, taa iko chini, kamera inaning'inia juu ikitazama chini. Piga picha moja, sogeza mkono kidogo, piga nyengine. Filamu iliyokamilika ina picha kiasi ya 96,000, na zilizopigwa zilikuwa nyingi zaidi ya hizo. Mandhari ni karatasi nyembamba za kupitisha mwanga, tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana milima ya mbali ina rangi nyepesi na ya karibu ni mizito. Uso unapotakiwa kuonekana kwa karibu, sanamu nyengine kubwa zaidi ilikatwa kwa ajili ya picha hiyo tu.

Watazame hasa vidole. Kivuli hakina macho ya kulia wala mdomo wa kucheka, kwa hiyo hisia zote zimehamia kwenye mikono na shingo. Vidole vya mchawi ni virefu, vyembamba, na vinatangulia kufika mahali kabla ya yeye mwenyewe. Pari Banu akiogopa, kiwiliwili kinarudi nyuma kwanza, kichwa kinafuata, na mkono unabaki mbele peke yake kwa kitambo kidogo. Mkato kama huo wa mkono mdogo ulifanywa kwa mkasi. Halafu lipo pambano la mchawi na bibi wa mlimani karibu na mwisho. Wanageuka simba na nyoka. Mmoja akiwa nge, mwenzake huwa jogoo wa kumdonoa. Kila umbo linayeyukia katika lingine bila kukatika. Hapo watoto watasimama. Waache wasimame.

Sasa la aibu, maana umeliuliza nami sitaki kukuficha. Pari Banu na wajakazi wake wanaoga, na ijapokuwa ni vivuli vitupu, maumbo yao yanaonekana. Kabla ya hapo wajakazi wa Wakwak wanamzonga Ahmed kwa mabusu, na ndani ya ikulu ya China yapo mambo ya mfalme na kipenzi chake ambayo hutaki kuyaeleza mbele ya bibi. Yote yanapita kwa haraka na hakuna hata moja linaloshikilia kisa, kwa hiyo unaweza kuyakata au kuweka mkono mbele ya lenzi. Usiyaruke kwa kubonyeza kitufe cha kupeleka mbele usiku ule ule. Picha itaruka ovyo, na kila mtu atataka kujua nini kilichofichwa. Tengeneza nakala yako mapema, na mwenzako aitazame.

Yapo mengine mawili. Ahmed anachukua vazi la mwanamke ili asiweze kuondoka kwao, na anamchukua. Filamu inaliona hilo kuwa mapenzi. Mtoto wa darasa la tano anaweza kuuliza kama ni haki, na ni vyema uwe umejitayarisha kumjibu. La pili, sura za Wachina na za mchawi zimetiwa chumvi kwa namna ya Ulaya ya wakati ule, na mchawi ameandikwa "wa Kiafrika". Katika Alfu Lela Ulela ni mtu wa Maghribi. Wewe mwite "mchawi" tu. Pia wajulishe wazazi mapema kwamba kuna majini na uchawi, kwani wapo wasiopenda watoto wao wayatazame hayo usiku, na ni haki yao kuamua kabla ya kuja. Yule wa Mlima wa Moto usimwite mchawi mzuri, litawachanganya. "Bibi wa mlimani" linatosha.

Kuhusu nakala, hasi za asili, yaani filamu za kwanza ambazo nakala hutolewa kwazo, ziliangamia Berlin mwaka 1945. Iliyopo leo ilifufuliwa mwaka 1999 na jumba la makumbusho ya filamu la Frankfurt kutokana na nakala iliyohifadhiwa Uingereza, na ikarudishiwa rangi zake: sehemu moja buluu, nyengine manjano, nyengine nyekundu. Itafute hiyo ya rangi. Utazikuta nakala za kijivu tupu, zilizofifia, ambazo vidole nilivyokusifia havionekani kabisa. Zipo pia zenye msimulizi wa Kiingereza juu yake, nazo zitakurudisha kwenye tatizo lilelile. Chukua yenye muziki mtupu na mabango ya maandishi. Faili la ubora wa wastani lina kiasi cha GB 1 hadi 1.5, liweke kwenye fleshi na pia ndani ya kompyuta, maana fleshi hukataa kusomwa siku ya shughuli. Kwa sheria ya Marekani filamu hii ni mali ya umma tangu 1 Januari 2022, lakini muziki uliorekodiwa upya una wenyewe. Kwa kuwa mnawaalika watu wa nje ya skuli, ulizia mapema COSOZA, wasimamizi wa hakimiliki Zanzibar, kuhusu haki, na BASSFU, baraza la sanaa, sensa, filamu na utamaduni, kuhusu maonyesho ya hadhara.

Msimulizi ndiye atakayeifanya au kuiharibu. Mpe mtu mmoja tu, na akipatikana bibi mwenye sauti na kumbukumbu, mpe yeye badala ya mwalimu. Aitazame mara tatu. Ya kwanza atazame tu. Ya pili ashike kalamu, aandike dakika na sekunde za kila bango la maandishi na sentensi yake ya Kiswahili pembeni. Ya tatu aseme kwa sauti huku filamu inakwenda, na mwengine amsikilize akiwa amekaa mita 8 mbali. Katika dakika 65, maneno yasizidi dakika 20, yaani maneno kama 2,000 kwa mwendo wa usimulizi wa utulivu. Kosa la kila anayeanza ni kueleza kinachoonekana: "Sasa anapanda farasi, sasa anaruka." Mtoto ameshaona. Msimulizi aseme yasiyoonekana, kama jina, sababu, na kile anachokijua mmoja na mwenzake hakijui. Kwenye ziwa, kwa mfano, akae kimya muda wote wanapotua, muziki ufanye kazi. Ahmed anapolishika vazi, aseme tu: "Bila ya vazi lile Pari Banu hawezi kuruka. Na Ahmed analijua hilo." Kisha anyamaze tena.

Mwanzo wa filamu wahusika wanaoneshwa mmoja mmoja kabla kisa hakijaanza. Hapo ndipo pa kusema "Paukwa!" wakaitikia "Pakawa!", na kila mhusika akitokea wafundishwe jina lake na walirudie. Bila ya hivyo, watoto watamchanganya Ahmed na Aladini, kwa sababu vivuli vyao vinafanana. Tofauti kubwa ni vilemba na mavazi, na jicho lisilozoea halizishiki haraka. Filamu ina sehemu tano. Pumziko liweke baada ya sehemu ya China, Pari Banu akishachukuliwa na majini. Dakika 10 za maji na visheti, na watarudi wenyewe bila kuitwa.

Kama mna mpiga udi na mpiga dumbaki, mnaweza kuuzima muziki wa filamu na kupiga wenu, lakini wafanye mazoezi na filamu angalau mara mbili. Zeller na Reiniger walifanya kazi bega kwa bega, na misafara imetembezwa kwa mapigo ya muziki wake, kwa hiyo dumbaki likikimbia, askari wataonekana wanachechemea. Hamna wapigaji? Bakini na Zeller, na mpunguze sauti hadi thuluthi moja msimulizi anaposema.

Uwanjani, adui yako ni mwanga. Projekta haiwezi kurusha weusi. Weusi ni pale mahali isipopeleka mwanga. Taa yoyote inayofika kwenye shuka inaugeuza weusi kuwa kijivu, na katuni ya vivuli ikipoteza weusi haina kitu kingine cha kuonyesha. Katuni ya rangi huvumilia taa ya barazani, hii haivumilii. Zimeni taa za madarasa na mgeuze shuka lisitazamane na taa ya barabarani. Ikiwa ni Idi el-Fitri una bahati: Idi pili mwezi ni mwandamo wa siku mbili, na baada ya Isha unakaribia kutua au umeshatua. Ikiwa ni Idi el-Haji, mwezi ni wa tarehe 11 na uko juu unang'ara, kwa hiyo tundikeni shuka kivulini mwa jengo au chini ya mwembe. Anzeni saa mbili usiku, msianze mapema.

Mashuka mawili meupe ya kitanda cha sita kwa sita, moja juu ya jengine, yanatosha. Nyuma yake wekeni kitambaa cheusi kisichopitisha mwanga, hata cha buibui. Picha iwe upana sentimita 240 na urefu wa kwenda juu sentimita 180. Pimeni kwa futi kamba. Filamu za wakati ule zina uwiano wa 4 kwa 3, na projekta nyingi zimewekwa kwenye upana wa kisasa. Ikitoka 320 kwa 180 watu wamevutwa na kunenepa, na shingo ya farasi imekuwa kama ya kiboko. Ingia kwenye mipangilio, chagua 4:3. Projekta nyingi za ofisini huhitaji umbali wa mara moja na nusu ya upana wa picha, hapo ni kiasi cha mita 3.6. Ya lumeni 3,000 (lumeni ni kipimo cha nguvu ya mwanga) itakutosha vizuri. Zile ndogo za bei nafuu huandikwa namba kubwa kwenye boksi, lakini mwanga wake halisi ni mdogo sana. Ikiwa uliyoazima ni hiyo, punguza picha iwe upana wa mita 1.5 na usogeze watu karibu.

Shuka likipeperuka, vivuli vinapinda, na jicho huchoka haraka. Upepo wa kusi ukiwa unavuma, fungeni shuka kwenye mianzi miwili, mmoja juu na mmoja chini, uzi kila sentimita 30, na mwanzi wa chini uwekewe mawe. Projekta iwe juu ya meza, kimo cha mita 1.2 au zaidi, watoto kwenye mikeka mbele yake, na muache njia katikati. Umeme ukikatika, kompyuta itaendelea kwa betri yake huku projekta imezima, kwa hiyo mtu mmoja awe na kazi moja tu ya kusimamisha filamu palepale na kuandika dakika iliyofikia. Projekta ya taa ya kawaida ipumzishwe dakika tano kabla ya kuwashwa tena. Ikiwashwa ingali moto, globu huweza kufa. Kwa dakika hizo tano msimulizi ana kazi yake ya asili.

Kesho yake, watoto wapeni mikasi. Hii ndiyo faida ya katuni ya vivuli ambayo hakuna katuni nyengine itakayokupa, kwamba walichokiona wanaweza kukifanya kwa vitu vya dukani Wete. Watoto 40, vikundi 8 vya watano watano. Kila kikundi karatasi mbili za manila nyeusi, mkasi mmoja mdogo wenye ncha, sindano nene, na waya mwembamba wa shaba uliotolewa ndani ya waya wa zamani wa simu. Sanamu iwe na kimo cha sentimita 20, itazame upande, na iwe na vipande 10: kichwa na shingo, kiwiliwili, mikono miwili yenye vipande viwili viwili, miguu miwili vivyo hivyo. Kila kipande kipite juu ya mwenzake sentimita moja kwenye kiungo, ncha ziwe za duara. Ncha ikiwa ya pembe, kiwiko kikikunjwa itatokeza kona ya ajabu nje ya mkono. Toboa kwa sindano, pitisha waya, ncha zake zizungushe kama konokono na uzilaze. Kiungo kikikaza sana, ukisogeza mkono na bega linakuja. Kikilegea, mkono unaanguka wenyewe baina ya picha mbili. Kinachotakiwa ni kiungo kinachobaki pale ulipokiacha.

Reiniger alitumia bati la risasi ili sanamu itulie kwenye kioo. Nyinyi msitumie, na hasa watoto wasiponde chubwi za kuvulia kutafuta bati hilo, maana risasi ni sumu inayoingia mwilini kwa mikono na vumbi. Manila mbili zilizogandishwa pamoja zina uzito wa kutosha.

Wekeni kioo cha dirisha cha milimita 5 baina ya madawati mawili, kingo zimefungwa kwa gundi ya karatasi ili zisikate. Juu yake tandazeni karatasi nyembamba ile wanayotumia wachora ramani. Chini yake, kiasi cha sentimita 40, globu ya LED ya wati 9 juu ya karatasi nyeupe. Simu ifungwe kwenye ubao juu ya kioo, sentimita 50, na isiguswe mpaka kazi ishe. Tumieni hedifoni zenye kitufe kupigia picha. Fungeni mwanga na fokasi kwenye kamera ya simu, kwani ikiachiwa ijiamulie, kila mkono wa mtoto ukipita itabadilisha mwanga, na filamu itapepesa kama taa mbovu. Madirisha yafungwe, na anayesogeza sanamu asivae nguo nyeupe.

Picha 12 kwa sekunde zinatosha kwa watoto. Hatua moja ya kutembea ichukue picha 6. Wakifanya 3 mtu atakimbia, na wakifanya 12 atatembea kama mgonjwa. Kila kikundi kitoe sekunde 10, yaani picha 120, na ziwekeeni muda wa saa mbili pamoja na makosa. Vikundi vyote 8 vitatoa picha 960, ambazo ni sehemu moja ya mia ya zile 96,000. Waambie hesabu hiyo mwishoni, wakishachoka mikono.

Sanamu zikishatumika zilazeni ndani ya daftari kubwa na kitu kizito juu yake. Msizitundike ukutani, maana unyevu wa masika hukunja manila ndani ya wiki moja, na kiungo kilichopinda hakirudi tena.